Sura ya Sita: Kitambaa Kilichoshuka Angani

Kofia ya chuma, ambayo kazi yake ni kulinda kichwa cha askari dhidi ya vipande vya makombora vinavyoanguka kutoka juu, ilizaliwa na kasoro ambayo kila jeshi lililoivaa tangu mwaka 1915 limelazimika kuitafutia dawa, nayo ni kwamba humtangaza aliyeivaa. Chuma kilicholowa mvua hung'aa hata kikiwa kimepakwa rangi. Umbo lake la mviringo, ambalo halina mfano wake porini, hutambuliwa kwa mbali na jicho la mlengaji. Na tawi linapokikwaruza hutoa mlio ambao jani halitoi likigusana na jani. Waingereza walianza kuchanganya mchanga na rangi ya kofia hizo ili uso wake uparuze na mng'ao ufifie, kisha askari wenyewe mahandakini wakakata magunia ya mchanga na kuyashona yawe vifuniko, na baadaye wavu wa kuchomekea majani ukaingizwa katika vifaa vya kawaida vya jeshi. Sanaa yote hiyo ya kumfananisha mtu na mahali alipo ilipewa na Wafaransa jina la kamuflaji, na jeshi lao ndilo lililounda mwaka 1915 kikosi cha wachoraji waliopewa kazi hiyo peke yake. Wasemaji wa Kiswahili wameziita nguo zake mabakamabaka, na katika sura hii neno mabaka litatumika kwa maana hiyo, yaani rangi zilizochapwa kitambaani bila mpangilio unaoonekana ili kuvunja umbo la kilichofunikwa.

Miongoni mwa vifuniko ambavyo askari walijibunia bila kuamriwa, kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni kile kilichokatwa kutoka kwenye parachuti, yaani mwavuli wa kurukia kutoka kwenye ndege. Mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia miavuli hiyo kwa kawaida ilikuwa myeupe na ilishonwa kwa hariri, ambayo sehemu kubwa yake ilitoka Japani. Biashara hiyo ilipokatika mwaka 1941, Wamarekani waliigeukia nailoni, uzi wa kiwandani uliokuwa umetangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938, na kwa kuwa mwavuli mweupe uliotandazwa shambani huonekana na rubani wa adui kama shuka lililoanikwa, walianza kuuchapa mabaka ya kijani na kahawia. Mwavuli mmoja wa askari wa Marekani wa wakati huo ulikuwa na kipenyo cha futi 28, ukiwa umeunganishwa kwa pande 28 zilizochongoka kuelekea kileleni, hivyo eneo lake lilizidi mita za mraba 50. Kifuniko cha kofia moja hakihitaji hata nusu ya mita ya mraba, na kwa hesabu hiyo mwavuli mmoja ulioachwa uwanjani baada ya mruko ungeweza kuvika vichwa vya karibu kombania nzima.

Umbo la kofia ya Kimarekani ya mwaka 1941 lilirahisisha kazi hiyo. Kofia hiyo ilikuwa na sehemu mbili zinazotenganishwa, ganda la chuma kwa nje na kofia nyepesi kwa ndani, na askari aliyekata kipande cha duara kutoka kwenye mwavuli alikitandaza juu ya ganda, akakunja pindo lake kuingia ndani, kisha akarudisha kofia nyepesi mahali pake ili iubane ule upindo. Kwa kuwa nailoni huteleza juu ya chuma, wengi walizungushia kamba au mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu. Kofia ya Kiingereza haikuwa na ganda la pili la kubania kitambaa namna hiyo, jambo linalosaidia kueleza kwa nini katika picha za askari wa Kiingereza wavu huonekana mara nyingi zaidi, na kwa nini askari wao wa parachuti walipojichukulia kitambaa cha mwavuli walikifanya zaidi skafu ya shingoni.

Picha za vita zinaonyesha vifuniko hivyo kwa wingi zaidi baada ya mwaka 1945 kuliko kabla yake. Askari wa kikosi cha 187 cha Marekani, walioruka kwa miavuli karibu na Sukchon na Sunchon nchini Korea mwezi Oktoba 1950, wanaonekana katika picha wakiwa na kofia zilizofunikwa kwa kitambaa cha mabaka ambacho hakikutolewa na ghala lolote la mavazi. Huko Indochina, Wafaransa waliokuwa wakipokea miavuli kutoka Marekani kama msaada walifanya vivyo hivyo, na katika ngome yao ya Dien Bien Phu, ambako miavuli ya mizigo na ya watu ilifunika bonde zima kati ya Novemba 1953 na Mei 1954, kitambaa hicho kilitandikwa ndani ya mahandaki, kikatundikwa kama paa, na mwishowe kikawa sanda. Wapiganaji wa Viet Minh, adui zao walioizingira ngome hiyo, nao walijiokotea miavuli iliyoangukia upande wao, wakajitanda mabegani kitambaa kilekile. Jambo hilo ni muhimu kwa yeyote anayesoma picha ya vita, kwa sababu linaonyesha kwamba mabaka peke yake hayatoshi kumtambulisha askari ni wa nani. Yanachotambulisha kwa uhakika ni ndege gani zilipita juu ya eneo hilo na zilidondosha nini.

Msomaji wa picha hana budi kujua dalili za kitambaa chenyewe. Nailoni ya mwavuli ni nyembamba kuliko pamba ya sare, hivyo hufanya mikunjo midogo mingi pembeni mwa kofia mahali ambapo pamba ingefanya michache minene. Mishono ya pande zile 28 haikuwa rahisi kuepukwa, na mara nyingi hukatiza juu ya kofia kama mstari ulionyooka ambao mshonaji wa kiwandani asingeuweka hapo. Mabaka yake ni makubwa, kwa kuwa yalichorwa ili yaonwe kutoka angani, na yakihamishiwa kwenye kitu kidogo kama kichwa huonekana kana kwamba rangi mbili tu zimemwagwa. Tena kitambaa hicho kina mng'ao mwepesi ambao katika picha ya rangi nyeusi na nyeupe hutokea kama weupe juu ya mkunjo, na hapo ndipo ulipo ukinzani wa kifuniko hiki, kwamba askari alificha mng'ao wa chuma kwa kitu chenye mng'ao wake, ingawa ulikuwa mdogo zaidi.

Maelezo hayo yana nafasi katika kitabu kinachohusu nyanda za juu za Kericho kwa sababu uhusiano wa vita, ndege na kitambaa umepita hapa, na umepita mara kadhaa. Kipkelion, mji mdogo wa reli ulio kati ya Londiani na Fort Ternan, uliitwa Lumbwa tangu reli ya Uganda ilipofika Ziwa Viktoria mwaka 1901 na kwa miongo mingi baada ya hapo, jina ambalo wageni walilichukua kutoka kwa Wamaasai na kulibandika kwa Wakipsigis, ambao wenyewe hawakujiita hivyo. Kituo hicho ndicho kilikuwa mlango wa Kericho: mizigo ya mashamba ya juu ililetwa hapo kwa barabara ili ipakiwe kwenye mabehewa, na aliyetaka kwenda mbali, awe kibarua au kuruti, alianzia safari yake kwenye jukwaa hilohilo. Kabla ya chai kuwa mzigo mkuu wa barabara ile, palikuwa na mzigo mwingine ambao umesahaulika kupita kiasi, nao ulikuwa kitani.

Kitani ni mmea mwembamba wenye maua ya samawati, ambao shina lake huloweshwa, hukaushwa na kupondwa hadi nyuzi zitengane na sehemu ngumu ya shina, na nyuzi hizo husokotwa ziwe kitambaa kigumu kisicholegea. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia kitambaa hicho kilikuwa ngozi ya ndege: mbawa zilikuwa fremu za mbao zilizofunikwa kwa kitani, kisha zikapakwa dawa ya kukikaza hadi kilie kama ngoma, na ndege moja ilipotobolewa kwa risasi ilirudi kuwambwa upya. Ubelgiji, iliyokuwa mlimaji hodari, ilikuwa chini ya Wajerumani, na Urusi, iliyokuwa mlimaji mkuu, iliingia katika mapinduzi mwaka 1917, hivyo bei ya kitani ikapanda sana na Waingereza wakaanza kukitafutia ardhi mahali pengine. Mwaka 1919 paliundwa koloni la walowezi waliokuwa maofisa waliojeruhiwa vitani, likapewa takriban ekari 25,000 karibu na Kericho, ardhi ya Wakipsigis ambayo haikununuliwa kwa wenyewe, na zao lililochaguliwa kuwatajirisha maofisa hao lilikuwa kitani.

Mpango huo haukudumu. Vita vilikuwa vimekwisha, maghala ya serikali yalikuwa yamejaa vitambaa vya ndege visivyohitajika tena, na bei ilipoporomoka kati ya mwaka 1920 na 1921 koloni lile lilivunjika, maofisa wakatawanyika wakiwa na madeni. Ardhi haikurudi kwa waliokuwa wakilisha ng'ombe juu yake. Katikati ya miaka ya 1920 sehemu yake kubwa iliingia mikononi mwa kampuni za chai, na ndiyo maana mtu anayetazama leo mabonde ya kijani kuelekea Kericho, ambayo wapiga picha wa kalenda huyapenda kwa utulivu wake, anatazama ardhi iliyochukuliwa kwanza kwa ajili ya kuvika mbawa za ndege za vita. Historia ya chai ya Kericho husimuliwa mara nyingi kana kwamba inaanza na mbegu ya chai. Ni haki ianze na kitani, kwa kuwa kitani ndicho kilichomwondoa mwenye ardhi.

Wakati mbawa zikiwambwa Ulaya katika vita hivyo vya kwanza, kusini mwa mpaka wa Kenya ya leo palikuwa na jeshi lililokuwa likikosa hata nguo ya kuvaa. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, alikuwa amezibiwa bahari na manowari za Kiingereza, na mbali na meli chache zilizopenya, kama ile Rubens iliyoingia Ghuba ya Manza karibu na Tanga mwezi Aprili 1915, hakuletewa kitu. Pamba ilisokotwa na kufumwa kwa mikono vijijini na kwenye misheni, na kitambaa cheupe kilichopatikana kilipakwa rangi kwa mizizi ya mdaa, mmea ambao wasusi wa mikeka wa pwani wanaufahamu vizuri kwa kutia rangi ukili, ukatoa rangi ya kahawia iliyoelekea manjano. Rangi hiyo ilifaa porini kuliko kaki ya Ulaya, kwa kuwa ilitoka katika udongo na vichaka vilevile ambamo askari alijificha. Kaki yenyewe, neno lililofika Kiswahili kupitia India na ambalo asili yake katika Kiajemi ni vumbi, ilianza kwa njia iyo hiyo, majeshi ya Kiingereza ya huko yalipozipaka rangi ya udongo sare zao nyeupe katika karne ya 19.

Kutoka katika uhaba huo ndipo ulipotokea mpango ambao hauna wa kufanana nao katika historia ya mavazi ya vita. Tarehe 21 Novemba 1917 meli ya angani ya Kijerumani iitwayo L59, chombo kikubwa cha fremu ya aluminiamu kilichojazwa haidrojeni, iliondoka Jamboli nchini Bulgaria ikiongozwa na Ludwig Bockholt kuelekea Afrika Mashariki, ikiwa na tani 15 za risasi, dawa na vifaa. Kwa kuwa huku hapakuwa na haidrojeni ya kuirudisha, ilikusudiwa isirudi, na hivyo ilitengenezwa ili ivunjwe na kuvaliwa: kitambaa cha nje kingekuwa mahema, kitambaa cha mifuko ya gesi kingekuwa mavazi na mifuko ya kulalia, ngozi iliyotandikwa kwenye njia ya ndani ingekuwa viatu, na fremu ingesimamishwa iwe mnara wa redio. Ilivuka bahari na jangwa, lakini usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba, ikiwa imekwisha kufika Sudan karibu na usawa wa Khartoum, ilipokea kwa redio amri ya kurudi, ikarejea Jamboli baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 6,700 kwa muda wa saa 95 bila kutua. Mwezi Aprili 1918 iliungua juu ya bahari karibu na Italia na watu wote waliokuwamo wakafa. Askari wa Tanganyika waliendelea kuvaa kilichofumwa vijijini na kilichotekwa kwa adui, lakini wazo kwamba kitambaa cha jeshi kinaweza kushuka kutoka juu lilikuwa limekwisha fikiriwa, tena kwa ajili ya nchi hizi, miaka 27 kabla ya miavuli ya Burma.

Burma ndiko ambako watu wa nyanda hizi walikutana kweli na kitambaa cha angani. King's African Rifles, jeshi ambalo Waswahili waliliita Keya, liliandikisha katika Vita vya Pili sehemu ya watu zaidi ya 300,000 waliotolewa na makoloni ya Afrika Mashariki kwa vikosi vya kila aina, na maofisa wa Kiingereza, waliokuwa na imani kwamba baadhi ya makabila huzaliwa na vita damuni, waliwapendelea Wakamba na jamaa za Wanandi na Wakipsigis. Jina lenyewe la Kalenjin, ambalo leo hujumuisha jamaa hizo, lilipata nguvu miaka hiyohiyo ya 1940, wakati mtangazaji wa redio aliyezungumza na askari kwa lugha zao alipozoea kuanza kwa neno lenye maana ya nawaambieni. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, na kati ya karibu watu 1,300 waliokufa wengi walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Waliofika salama waliingia mwezi Agosti mwaka huo katika bonde la Kabaw, chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoongozwa na Meja Jenerali Charles Fowkes na iliyobeba alama ya kichwa cha kifaru.

Bonde la Kabaw wakati wa masika halikupitika kwa gari, na divisheni iliyoshuka kutoka Tamu hadi Kalewa, mji ilioutwaa tarehe 2 Desemba 1944, ililishwa kwa ndege. Hapa tatizo la kitambaa lilijitokeza tena. Jenerali William Slim, kamanda wa Jeshi la 14, hakuweza kupata miavuli ya hariri ya kutosha kwa kuwa Ulaya ilipewa kwanza, hivyo maofisa wake walikwenda Calcutta kwa wafumaji wa juti, nyuzi ambazo msomaji anazijua kwa magunia, wakatengeneza mwavuli wa juti uliogharimu zaidi kidogo ya pauni 1 wakati mwavuli wa kawaida uligharimu zaidi ya pauni 20. Mwavuli huo haukumbeba mtu, lakini ulibeba mchele, risasi na dawa kwa uhakika wa kutosha, na kwa kuwa ulikuwa rahisi hapakuwa na haja ya kuurudisha. Miavuli ya rangi mbalimbali ilitumika ili walio chini watambue mzigo kabla haujagusa ardhi. Katika picha nyeusi na nyeupe rangi hizo zote hugeuka kijivu, na mtu asiyejua hayo huona angani vitu vya aina moja, ilhali askari waliosimama pale waliona kwa macho yao dawa ikitengana na chakula.

Vichwani mwao, hata hivyo, picha nyingi za Keya wa Burma hazionyeshi chuma wala mabaka, bali zinaonyesha kofia ya felti, yaani sufu iliyoshindiliwa, yenye ukingo mpana uliopindwa upande mmoja. Wakusanyaji wa vifaa vya vita, ambao hulipa fedha nyingi kwa kifuniko cha mwavuli, kwa kawaida huipita kofia hiyo bila kuitazama, nao wanakosea. Kofia ile ilitimiza kwa asili yake yote ambayo kifuniko cha kofia ya chuma kilijaribu kuyafanya kwa nyongeza: haikung'aa, haikulia ilipoguswa na mianzi, ukingo wake ulivunja mviringo wa kichwa na kutupa kivuli usoni, na mvua ilitiririkia nje ya kola. Kilichokosekana ni kinga dhidi ya vipande vya makombora, na katika msitu ambao adui yuko hatua 20 mbele, kutoonekana kulihesabiwa kuwa kinga kubwa zaidi. Huo ni uamuzi uliolipiwa kwa maisha ya watu, na picha inauhifadhi waziwazi kwa yeyote anayejiuliza mbona hawa wamevaa hivi na wale vile.

Kuna wakati ambapo askari wa Afrika Mashariki wenyewe walifanywa kifuniko. Mwanzoni mwa mwaka 1945 Slim alitaka kuvusha jeshi kwa siri mto Irrawaddy, naye akaitanguliza Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki katika bonde la Gangaw ili Wajapani waamini kwamba wanaendelea kupambana na Divisheni ya 11 peke yake, kisha akaiagiza ijifanye kuvuka Seikpyu, mkabala wa Chauk, huku divisheni ya Kihindi ikivuka kweli Nyaungu tarehe 14 Februari. Wajapani waliuamini ujanja huo kiasi cha kuishambulia brigedi hiyo kwa nguvu na kuirudisha nyuma hadi Letse. Majina ya Seikpyu na Letse yamo katika heshima za vita za Keya pamoja na Mawlaik na Kalewa. Wataalamu wa kamuflaji huandika mengi kuhusu rangi na nyavu, na ingefaa waandike pia kuhusu brigedi nzima ya Waafrika iliyotandazwa juu ya nia ya kamanda, ikapigwa badala ya waliokuwa nyuma yake.

Nyumbani, wakati huohuo, waliotekwa katika kampeni ya Abisinia ya mwaka 1941 walikuwa wamejaa kambini, na mojawapo ya kambi za Waitalia ilikuwa Londiani, kituo cha reli kinachotangulia Kipkelion kwa anayetoka Nakuru. Ni Italia, mwaka 1929, iliyotangulia mataifa yote kuchapa kitambaa cha mabaka kiwandani kwa wingi, ikikikusudia kwa mahema ya askari, na Wajerumani walifuata mwaka 1931. Kwa hiyo katika umbali wa vituo vichache vya reli eneo hili liliwahi kuwa na kitani cha mbawa za ndege, wafungwa wa jeshi lililoasisi mabaka ya kiwandani, na makuruti waliokuwa njiani kwenda kulishwa kwa miavuli ya magunia.

Yote hayo yanarudi kwenye picha, kwa sababu picha ndiyo inayobaki mikononi mwa watu. Zile zilizopigwa na wapiga picha wa jeshi la Kiingereza huko Burma ziko London, katika makumbusho ya vita, na mara nyingi maelezo yake hutaja tarehe, mahali, divisheni na jina la ofisa wa kizungu aliyetokea pembeni, kisha yanamwita mtu aliyejaza katikati ya picha askari wa Afrika Mashariki na kukomea hapo. Tabia hiyo ina historia ndefu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti ya Aprili 2021 kwamba waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao Waafrika na Waasia, wasiopungua 116,000 na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa popote kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mtu aliyeachwa bila jina huacha pia nafasi ambayo mwingine anaweza kuikalia: Idi Amin alijitangaza kwa miaka mingi kuwa mpiganaji wa Burma, ingawa aliingia jeshini mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, na wengi walimwamini kwa sababu orodha za waliokwenda kweli hazikuwa mikononi mwa watu.

Picha zilizoko kwenye makasha ya familia za Kipkelion, Chepseon, Londiani na Fort Ternan zina uwezo wa kusahihisha jambo hilo, mradi zisomwe kama hati. Kofia ya felti iliyopindwa ukingo huweza kuelekeza Burma au mafunzo ya kwenda huko. Beji ya kifaru mkononi huonyesha Divisheni ya 11. Nyota ya shaba yenye utepe wa mistari ya buluu, nyekundu na rangi ya chungwa ni nishani ya Burma, iliyoanzishwa mwaka 1945. Na kofia ya chuma yenye kifuniko cha mabaka ya mwavuli kichwani mwa mtu wa huku huashiria kipindi cha baadaye kabisa, au kitu kilichoazimwa kwa ajili ya kupigiwa picha. Mashahidi walioweza kutaja majina ya waliosimama mstari wa nyuma wamebaki wachache mno, na walio wengi ni wajukuu waliosimuliwa.

Ndugu msomaji uliye na picha ya namna hiyo, usiibandike kwa gundi wala usiikate pembe ili iingie kwenye fremu. Igeuze juu ya meza safi, uandike nyuma yake kwa penseli laini, kwa kuwa wino hupenya hadi upande wa pili, jina kamili la kila unayemtambua, kijiji chake, namba ya kikosi kama inajulikana, na jina la aliyekusimulia. Kisha itolee nakala mbili, moja ibaki nyumbani na nyingine ipelekwe kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi.